Gogo la Mjomba Lazaro

Wiki iliyopita mmoja wenu aliniletea kuni. Nashukuru. Aliziegemeza kwenye ukuta wa jiko, akanisalimia vizuri, akaondoka akipiga mluzi. Nilipozigeuza nikakuta kila moja ina gome lake, bichi, limeshikamana barabara, na kijana huyo alikuwa amezipitisha katikati ya miti yangu kutoka bondeni hadi mlangoni. Nilikaa kwenye kigoda nikazimenya zote kwa panga, nikayachoma magome, na mgongo haujapona mpaka leo ninapoandika. Kusema nimesema hadi koo limekauka. Sasa naandika, ili asiyesikia asome, na asiyesoma asomewe.

Nilifanya kazi ya kuwinda wadudu wa miti kwa miaka mingi wakati wa Mwingereza, hapa Mbozi na kule Tunduma mpakani. Kwenye karatasi za ofisi ya misitu cheo changu kilikuwa kirefu mno, hakuna aliyekitamka. Watu waliniita Bwana Dudu. Mke wangu akaitwa Mama Dudu, na hilo hakunisamehe. Wengi waliona ni kazi ya mzaha. Hata baba yangu mzazi aliwahi kuniuliza mbele ya wageni kama sijafikiria kujifunza ushonaji.

Aliyenifundisha ni Mzee Halinga wa kwetu Hasamba. Yeye alianza kama seremala, akachoka kutengeneza milango inayobunguliwa kabla mwaka haujaisha, akaamua kumfuata mdudu huko huko porini anakotoka. Ofisi ilipomkuta tayari anajua kazi, ilimpa kofia tu. Alikuwa mfupi, mkali, na sikio lake la kulia lilikuwa na sugu kwa sababu ya kuegemea miti. Ndiyo, alisikiliza miti. Aliweka sikio kwenye shina, akaziba lingine kwa kidole, akafumba macho, na ole wako upige chafya. Funza akitafuna ndani utasikia krr, krr, kimya, halafu krr tena. Mimi wiki ya kwanza nilisikia kila kitu: moyo wangu, tumbo langu, na siku moja nilimwambia kwa uhakika kabisa kwamba mti umejaa funza, kumbe nasikia saa yake ya mfukoni, maana alikuwa ameegemea upande wa pili.

Alinifundisha nisiamini tundu, niamini unga. Tundu linaweza kuwa la miaka mingi, mwenyewe amekwisha kuhama. Unga mkavu wenye rangi ya udongo ni habari ya mwaka jana. Unga mweupe wenye unyevu, unaonata kwenye kidole, ni habari ya leo asubuhi. Ukiupata huo, unachukua spoku ya baiskeli iliyonolewa na kukunjwa ncha kama ndoana, unaiingiza taratibu, ukigusa kitu laini unazungusha mara moja na kuvuta. Tundu likiwa limepinda, unachovya unyoya wa kuku kwenye mafuta ya taa, unausukuma ndani, kisha unaziba kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na ugoro. Usizungushe spoku kwa hasira. Mimi nilizungusha kwa hasira, nikavunja nyingi, na wakati ule spoku haikuwa kitu cha kuokota barabarani.

Na kulikuwa na jambo moja alilolirudia kila siku, hata tukiwa tunakula: "Asiye na gome hana nyumba." Maana yake mdudu wa miti hutaga kwenye nyufa za gome, na watoto wake huanza maisha chini ya gome. Ukiondoa gome na kulichoma, mti uliolala unabaki kuwa ubao tu. Nililijua hilo tangu wiki ya kwanza. Liwekeni akilini, kwa sababu ndilo litakalonitia aibu mbele.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwa shangazi yangu Tamali, dada yake baba. Halinga alinituma peke yangu kukagua miti ya pembezoni mwa shamba lake la kahawa. Nikaona tundu dogo safi, limezungukwa na kitu cheusi kinachonata. Nikafurahi. Nikachovya unyoya, nikasukuma, nikaziba kwa ugoro hadi mwisho, nikaandika kwenye kitabu kwamba mti umetibiwa. Jioni Shangazi Tamali alikuja nyumbani ameshika kile kizibo mkononi.

"Wewe mtoto, nani alikuambia nyuki wangu wanaumwa?"

Walikuwa wale nyuki wadogo wasiouma, aliowalinda kwa ajili ya asali ya dawa ya kifua. Nilijaribu kueleza. Akaniwekea kizibo mkononi, akaniambia ninuse, ninyonye, nimwambie ladha yake. Mpaka anazeeka, kila nilipokohoa mbele yake alisema, "Ungekuwa na asali hapo ungepona."

Sasa nije kwa huyu mdudu mwenyewe. Alikuwa mbawakawa mrefu, mweusi, mwenye pembe ndefu kuliko mwili na mstari mweupe shingoni. Kwetu hakuwapo. Wazee wa Igamba waliojua kila kitu kinachotambaa walimgeuza mkononi wakatikisa vichwa. Wengine walisema amekuja ndani ya makreti ya malori yaliyopita barabara kuu kutoka kusini, wengine kwenye nguzo. Mimi sijui, na ofisi haikujua, ingawa iliandika barua ndefu kana kwamba inajua. Watu walimwita Karani, kwa sababu alivaa kola nyeupe na alikula bila kulima. Aliipenda miti migumu, na zaidi ya yote aliupenda mninga.

Na mininga tulikuwa nayo. Chini ya nyumba za kijiji, mtelemko mzima unaoshuka kwenda mtoni hadi kwenye ua wa baba yangu, kulikuwa na mininga ya Halinga. Hakuipanda, mninga haupandwi kirahisi. Aliikuta miche inayochipua kila mwaka na kuunguzwa kila mwaka na moto wa nyasi, naye tangu ujana wake akawa anafyeka kuizunguka, anafukuza mbuzi, anagombana na wachoma mkaa. Wapasua mbao walikuja na misumeno yao, akawarudisha na misumeno yao. Aliiahidi kwa shule. Wakati ule watoto wetu walisomea kwenye banda la nyasi, wamekaa chini, na mvua ikinyesha wanarudi nyumbani. Halinga alisema miti ikikomaa itatoa milango, madirisha na madawati, na hatakufa kabla hajakaa kwenye dawati mojawapo. Alisema hivyo hadharani, kanisani, na kwetu mtu akisema kanisani amejifunga kamba.

Basi ofisi ikatoa amri mbili. Ya kwanza, mti wowote usivuke mpaka wa Tunduma, uwe gogo, nguzo au kuni. Ya pili, Karani akionekana kwenye kundi la miti, kundi lote likatwe na kuchomwa, mzima na mgonjwa. Bwana Misitu alikuwa Mzungu mrefu aliyekaa Mbeya, na aliamini kwamba karatasi ikifika mahali, jambo limefanyika. Halinga alipoisoma ile amri ya pili aliikunja, akaitia kwenye kofia, akavaa kofia. Kwa mwezi mzima hakutania na mtu.

Mimi nikapelekwa kwenye kizuizi cha Tunduma. Ee Mungu wangu, ile kazi. Mnajua ninyi Tunduma ilivyo: huku mtu ana shamba, ng'ambo ana bibi, huku kanisa, ng'ambo kisima. Mpaka ulichorwa na watu ambao hawakuoa hapa. Kila asubuhi wanavuka na vitu vya miti vichwani, na mimi nimesimama na karatasi.

Siku moja alifika mama mmoja na kinu, kikubwa, chini yake kikiwa bado na gome.

"Mama, samahani, mti hauvuki."

"Mukwai," alinijibu kwa heshima ya watu wa ng'ambo, "hiki ni kinu."

"Kilikuwa mti."

"Hata wewe ulikuwa mtoto mchanga. Mbona hatukubebi?"

Foleni nzima ikacheka. Akakaa juu ya kinu chake katikati ya njia hadi saa sita, akala mihogo yake, akasubiri nichoke. Nikachoka. Nilimwacha apite kwa kujifanya nakagua tela la ng'ombe. Mwingine alileta ngoma. Mwingine kitanda, na juu ya kitanda mama mkwe wake, mgonjwa kweli. Nikiwazuia, mimi ni mtu asiye na utu. Nikiwaachia, barua inatoka Mbeya. Nilikuwa nakwenda kulala taya zinaniuma kwa kusaga meno.

Katikati ya hayo nikafanya kosa la pili, na hili naliandika kwa sababu mtakuja kulifanya. Kuna njia ya kumtega Karani: unakata gogo bichi, unalilaza kivulini, jike linavutwa na harufu, linakuja kutaga. Kabla mayai hayajawa wadudu wakubwa, unalichoma gogo pamoja na ukoo mzima. Ni njia nzuri sana, mradi uchome. Niliweka magogo ya mtego kule Igamba, halafu ukaja msimu wa kuchuma kahawa, nikaomba ruhusa nikamsaidie baba, nikayasahau. Nilipoyakumbuka, yalikuwa yametoboka kila mahali. Halinga alikuja, akayatazama, akapiga teke moja, likalia kama debe tupu.

"Wenzako wanafuga kuku," alisema. "Wewe umeona ufuge Karani."

Tulizunguka Igamba msimu mzima na spoku zetu tukisafisha uzembe wangu. Hakunifukuza kazi wala hakuandika barua. Ila kila tulipopita penye banda la kuku alinionyesha kwa kidevu.

Sasa msiba. Vijana wa siku hizi mnakuja msibani na mifuko ya sukari, jambo jema. Sisi kwetu, ndugu alikuja na gogo. Kila ndugu wa damu alibeba gogo moja kutoka nyumbani kwake, hata kama anatoka mbali, akalilaza kwenye moto wa uani ambapo wanaume hukesha. Gogo lako lilisema umefika. Aliyekuja mikono mitupu aliambiwa, hata baada ya miaka kumi, "Wewe uliota moto wa wenzako." Na magogo yasiyoisha kuungua hayakuguswa. Hayakwenda jikoni, hayakukatwa, hayakuhamishwa. Yalikaa uani yamerundikwa mpaka siku ya kufagia majivu, siku ile ya kumaliza matanga, na siku hiyo haikufika mpaka ulezi mpya uvunwe na pombe ipikwe. Watu wa kanisani walisema ni togwa. Sawa, na iwe togwa. Ni miezi mingi kutoka mvua hadi ulezi, na rundo limekaa pale, na magome yake.

Mama yangu alifariki mvua zikiwa zimekolea. Alikuwa Mnamwanga wa ng'ambo, kaolewa Hasamba akiwa msichana. Mjumbe alinikuta kizuizini asubuhi, nikaomba ruhusa, nikawa nafunga virago vyangu nilipomwona Mjomba Lazaro anakuja kutoka ng'ambo. Ndiye kaka wa pekee wa mama. Alikuwa mzee tayari, miguu imevimba, anatembea kwa fimbo, na begani alikuwa na gogo la mninga lenye urefu wa mkono na zaidi, limeviringishwa kanga. Alifika kwenye kizuizi akasimama. Hakuingia mpaka nimwambie.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Dada yangu ametuacha."

"Ametuacha, Mjomba."

Mwenzangu wa zamu alikuwa anatazama pembeni, mtu mwenye adabu. Mjomba akashusha gogo, akaliweka chini taratibu, katikati yangu na yeye.

"Nimesikia kwamba huku mnazuia," alisema. "Kama ni sheria, nitaliacha. Lakini utawaambia wewe kwa nini Lazaro amekuja kumzika dada yake mikono mitupu. Mimi mdomo huo sina."

Nililitazama lile gogo. Vijana, kazi yangu ilikuwa kutazama magogo. Niliona nyufa za gome. Niliona pale chini, penye kifundo, unga mweupe, kidogo tu, kiasi cha chumvi ya yai. Sikuugusa kwa kidole, kwa sababu ningeugusa ungenata, na ungenata ningejua. Nilijua hivyo hivyo. Nikainama nikalibeba mwenyewe, maana yeye miguu ilikuwa imevimba, na mama alikuwa wangu. Nililibeba kwenye lori la mahindi lililotupa nafasi, nikalibeba kutoka barabarani hadi nyumbani, nikalilaza motoni kwa mikono yangu hii. Mjomba alilia aliponiona nikililaza. Sitasema nilijuta wakati ule, ningekuwa naongopa.

Mvua ilinyesha siku zote za matanga. Moto ulikuwa wa moshi mtupu. Gogo la Mjomba liliungua ncha moja, likazimika, likawekwa kwenye rundo na mengine.

Siku ya tano nilimwendea Shangazi Tamali, kwa sababu rundo la msiba ni la shangazi, yeye ndiye anayelisimamia. Nikasema, "Shangazi, lile gogo la Mjomba, naomba nilichome lote."

"Peke yake? Umtoe Lazaro kwenye rundo, watu waulize amekosa nini?"

"Basi tuyachome yote."

"Kabla ya ulezi?" Akajifunga kanga upya. "Serikali imekutuma hadi kwenye matanga ya mama yako?"

Ningeweza kumwambia kuhusu unga. Ningeweza kukaa pale na panga nikamenya, kimya kimya, dakika chache tu, kazi ninayoijua kuliko kula. Sikufanya. Niliogopa watasema nimechuna gogo la msiba kama mtu anayechuna mbuzi. Nikarudi Tunduma nikaendelea kuwazuia watu wengine.

Ulezi ulivunwa, pombe ikapikwa, majivu yakafagiwa, rundo likachomwa kwa heshima zake zote. Likiwa limetoboka.

Halinga ndiye aliyesikia. Aliniita nikiwa likizo, akaniongoza hadi kwenye mninga wa chini kabisa, ule unaotazamana na ua wetu, akaniambia niweke sikio. Krr, krr. Kimya. Krr. Kwenye shina maji mekundu ya mninga yalikuwa yanachuruzika penye matundu. Mti hufanya hivyo ukijitetea. Tulikagua mpaka jua likawa utosini. Miti saba ya chini ilikuwa naye.

"Ameingilia wapi?" Halinga aliuliza. Hakuniuliza mimi, aliuliza tu. "Barabara iko mbali. Hapa halijapita tela."

"Labda upepo," nikasema.

Alinitazama kana kwamba nimetukana. Mtu aliyenifundisha mwaka mzima kwamba Karani haruki mbali, namwambia upepo. Lakini alikuwa na uchungu mwingi mno kunigombeza. Alivua kofia, akaitoa ile amri iliyokunjwa, akaenda kuandika barua Mbeya mwenyewe. Ningekuwa mimi nisingeandika.

Bwana Misitu alikuja na mkalimani na kundi la watu wenye mashoka. Kijiji chote kilikusanywa pale mtelemkoni, walimu na watoto wa shule pia. Mkalimani akasema amri ni amri, mininga yote itakatwa. Kisha akasema jambo ambalo nadhani aliliongeza mwenyewe: kwamba Bwana anashangaa mdudu kukutwa kwa mlinzi mwenyewe, na kwamba Halinga ama amezeeka ama amezembea, na atarudisha kofia.

Halinga aliishika kofia mbele yake kwa mikono miwili, akaangalia miti. Sijawahi kumwona mtu mkali akikosa neno namna ile.

Nikasema, "Mdudu nilimleta mimi."

"Kaa chini," Shangazi Tamali alisema haraka. "Unamwingiza mama yako kwenye kesi."

Sikukaa. Nikaeleza yote, gogo, kanga, unga, lori. Watu wakaguna. Mjomba Lazaro hakuwapo, namshukuru Mungu. Halinga aligeuka polepole.

"Unga uliuona lini?"

"Pale pale kizuizini."

"Na ulipokuja hapa ukaniambia upepo."

"Nilikuambia upepo."

Halafu Shangazi akasimama, na nilidhani anakuja kunipiga.

"Huyu aliniomba alichome, mimi nikakataa," aliuambia mkutano. "Hilo ni langu, nalibeba." Kisha akanigeukia. "Lakini niambie. Mdudu anakaa wapi kwenye gogo? Ndani kabisa?"

"Anaanzia kwenye gome, Shangazi."

"Na gogo likimenywa mapema, likachomwa gome, linaweza kuvuka?"

"Linaweza."

"Na kwenye moto wa msiba, linawaka?"

"Linawaka vizuri zaidi."

"Tangu lini unajua hivyo?"

"Tangu wiki ya kwanza ya kazi."

Akapiga makofi mara moja, kavu. "Miaka yote hii! Mnasimama pale mpakani, acha gogo, acha gogo, kana kwamba tunaweza kumzika mtu bila gogo. Na mlikuwa mnajua dawa ni kumenya. Nani kati yenu aliwahi kutuambia tumenye?"

Karatasi ilisema mti usivuke. Haikusema kumenya. Na mimi niliyejua, nilisoma karatasi. Niliwakasirikia watu kwa miaka kwa ubishi wao, na hakuna hata mmoja niliyemwambia neno lile moja ambalo angelishika.

Mkalimani alimweleza Bwana Misitu, sijui kiasi gani. Halinga alisogea akazungumza naye mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha useremala, akionyesha kwa mkono: hii, hii, hii, basi. Walibishana sana. Mwisho Mzungu akakubali nusu, na habari ya kofia haikutajwa tena. Mtelemko wote wa chini ukatwe na kuchomwa, na wa juu uachwe, ukaguliwe kila siku kwa msimu mzima, na akionekana Karani mmoja tu, uende nao. Halinga aliomba mioyo ya miti iliyokatwa ibaki kwa shule, maana Karani hafiki kwenye moyo wa mninga. Hilo alikataliwa. Amri ilisema kuchomwa. Tuliunguza mbao nzuri za madawati mbele ya watoto waliokaa chini, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika upya.

Halinga alichukua shoka kwa mmoja wa wale watu, akanipa.

"Ule wa kwanza," alisema, "kata wewe."

Nilikata. Mninga una maji mekundu, na shati langu halikutakata tena. Nilikata yote ya chini, zamu kwa zamu na wenzangu, naye akasimama pale hadi wa mwisho ulipolala. Kisha msimu mzima tulizunguka ile ya juu, mimi na yeye, spoku na unyoya. Kwa muda mrefu hakuniita kwa jina. Siku moja alipiga chafya akiwa anasikiliza, akanitazama, tukacheka wote wawili, na baada ya hapo alianza tena kunionyesha mabanda ya kuku.

Miti ya juu ilipona. Haikutosha milango na madawati ya shule nzima, ilitosha darasa moja. Halinga alikaa kwenye dawati la mbele siku ya kufungua, magoti yamegonga meza, akasema ni dogo.

Kule Tunduma hatukubadilisha karatasi, tulibadilisha mdomo. Tuliweka panga mbili na tanuri la debe pembeni ya kizuizi. Aliyekuja na gogo alikaa akamenya, gome likachomwa hapo hapo, akapita. Watu walikaa wakimenya wakasimuliana habari za marehemu, nani alikuwa nani, na mara nyingi msiba ulianzia pale kabla haujafika nyumbani. Mjomba Lazaro alikuja tena mara mbili kabla miguu haijamkatalia. Kila mara alinyoosha gogo lake nilikague, safi, jeupe, akiwa amelimenya nyumbani kwake, na hakuuliza kamwe kwa nini.

Halinga alipofariki nilikwenda na gogo kutoka kwenye tawi lililoanguka lenyewe kwenye mininga yake. Nililimenya usiku kucha, sijui kwa nini ilichukua muda mrefu vile. Mjane wake alilipokea, akapitisha kiganja juu yake toka ncha hadi ncha, akitafuta. Alipata kipande cha gome ukubwa wa kucha, penye kifundo. Akakibandua, akakitupa motoni mwenyewe, ndipo akaniruhusu nililaze.

Kwa hiyo wewe uliyeleta kuni, sikukasirikia kuni. Siku yangu inakuja, na najua mtakuja na magogo, wengine kutoka ng'ambo, maana ukoo wa mama bado upo. Njooni. Sitaki mtu aje mikono mitupu. Lakini mkifika kwenye njia ya ile mininga ya Halinga ninayoitunza sasa, simameni, toeni panga, na msimruhusu mtu yeyote awaharakishe kwa sababu ya msiba. Mimi nitakuwa nimekwisha kufa, nitangoja. Menyeni kwanza, ndipo mlie.